Ndoto ya Mkeo Inakutisha?

Mwaka 1905, Rokeya Hossain wa Bengal, India ya wakati huo, alitoa hadithi iitwayo Sultana's Dream. Enzi hizo wanawake wa kwao walifungiwa ndani. Kwenye hadithi wanafungiwa wanaume. Wanawake wanaendesha nchi na kupikia jua!

Mumewe alipoisoma alisema hicho ni kisasi kikali. Lakini hakuichana. Alimtia moyo aandike, na alipofariki mwaka 1909 alimwachia fedha za shule ya wasichana. Mwaka 1911 Rokeya alifungua shule Calcutta, wanafunzi 8. Mwaka 1916 akaanzisha chama cha wanawake Waislamu.

Kaka, mkeo akikusimulia ndoto yake leo, utamsikiliza mpaka mwisho, au utawasha tivii? Nawe dada, umeshamsimulia?