Njia ya miguu nayo ni haki ya mfanyakazi



Juzi katika karakana yetu nilitoa shauri kwamba Jumapili moja tuchukue jamaa zetu wote, mama na watoto, tukatembee vilimani. Mwenzangu mmoja aliweka spana chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akaniuliza: "Mzee, wiki nzima natembea kutoka Kinama mpaka hapa kwa sababu basi halina mafuta. Na Jumapili unataka nitembee tena?" Wengine wakamuunga mkono, shauri langu likafa palepale.

Swali lake ni la haki. Tangu mwaka 2021 uhaba wa mafuta umetutesa kila mara, na mwezi wa Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya mji. Nani asiyejua foleni za asubuhi, watu wamejaa barabarani kwa miguu, viatu mkononi? Lakini nimefikiri sana tangu siku ile, na jibu langu ni hili: kutembea kwa lazima ni kazi isiyolipwa mshahara. Kutembea kwa hiari, umemshika mtoto mkono, hakuna msimamizi anayetazama saa, ni jambo jingine kabisa. Yule ndugu hajawahi kutembea na mwanawe mahali pasipo na haraka. Mimi mwenyewe nilianza nikiwa na mvi.

Wazee wetu wa vyama vya wafanyakazi duniani walipigania siku ya mapumziko kwa miaka mingi. Mkataba nambari 14 wa Shirika la Kazi Ulimwenguni, wa mwaka 1921, unataka mfanyakazi wa viwandani apate saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku saba. Saa hizo sisi tunazitumiaje? Baba yuko baa tangu saa nne. Mama anafua. Watoto wako barabarani na mpira wa matambara. Jioni mfuko ni mtupu na hakuna aliyezungumza na mwenzake. Simlaumu mtu, mji hautupi mahali pengine pa kwenda bila kutoa faranga. Au tuseme, mahali papo, ila hatupajui, na pengine tumeanza kunyang'anywa.

Bujumbura imekaa vizuri sana kwa jambo hili. Ziwa liko chini, kwenye kimo cha mita 770 na zaidi, na nyuma ya nyumba zetu milima ya Mumirwa inapanda hadi kwenye baridi. Ntahangwa, Muha na Kanyosha zinashuka kutoka huko, zinapita katikati ya kartie zetu na kuingia ziwani. Mahali popote mjini, ukitembea saa moja utafika ama majini ama kilimani.

Anzeni na Vugizo, kwenye kaburi la Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore. Kutoka katikati ya mji ni mwendo ambao hata mtoto wa miaka sita anauweza, mradi msimkimbize. Ondokeni mapema, kabla jua halijawa kali. Ukiwa juu unaona mji wote, uwanda wa Rusizi, ziwa, na ng'ambo milima ya Kongo juu ya Uvira. Hapo mzazi ana la kusema. Mwambie mtoto kwamba mtu huyu alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wadogo kabla ya uhuru, na kwamba waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliosimama naye. Mwambie chama chake kilishinda uchaguzi wa Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akapigwa risasi akiwa hotelini kando ya ziwa hilihili mnaloliona. Mwanangu mdogo aliniuliza maswali njia nzima ya kurudi, naye shuleni hanyanyui mkono.

Wenye miguu imara wapande Sororezo, huko juu ya Mutanga, ambako wapenda mazoezi hupanda asubuhi za mwisho wa juma. Jambo moja la kuangalia: mwaka 2014 kukimbia kwa makundi mitaani kulipigwa marufuku mjini, kwa hofu ya siasa. Baba na mama na watoto wanne si maandamano. Lakini chama kikitaka kutoka na watu hamsini waliovaa fulana za rangi moja, viongozi wetu wawajulishe wakubwa wa zoni mapema, tusije tukaharibu Jumapili ya watoto kwa ubishi.

Kusini, kwenye barabara ya Rumonge, kilomita kama kumi na mbili, kuna jiwe la Mugere. Limeandikwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wapo wanaoapa kwamba hapo ndipo wazungu hao wawili walipokutana mara ya kwanza. Si kweli, walikutana Ujiji, na hapa walilala siku mbili tu wakiwa safarini ziwani. Siku basi likipatikana nendeni, kilima ni kifupi na ziwa lote liko mbele yenu.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma.

Njia rahisi kuliko zote ni ufuko wa ziwa. Hakuna mlima, mama mjamzito anaweza, bibi mwenye magoti mabovu anaweza. Nilipokuwa kijana tulitembea mchangani tukiwa na mihogo ya kuchemsha na ndagala wa kukaanga, hatukuuliza mtu. Mwaka jana niliwapeleka wajukuu. Tulikuta ukuta, tukazunguka, tukakuta ukuta mwingine, halafu lango. Mlinzi, kijana mpole, mfanyakazi kama sisi, akaniambia: "Mzee, unaingia ukiwa mteja." Soda moja moja kwa watoto watano ingekula zaidi ya posho ya siku yangu. Tukaliangalia ziwa kupitia nondo za lango, kisha tukarudi. Mdogo wao aliniuliza ziwa ni la nani.

Ndugu zangu, sheria ina jibu. Sheria ya maji ya mwaka 2012 inahesabu mita 150 kutoka mwisho wa maji ya Tanganyika kuwa mali ya umma. Mita 150! Hesabu hatua zako ukitoka majini, utajua ni viti vingapi na kuta ngapi zimesimama juu ya mali yako. Ziwa lenyewe halikujali kuta hizo. Lilipopanda mwaka 2021, na tena mwaka 2024, liliingia katika mabaa na nyumba zilizolisogelea mno.

Wenzetu wa nchi nyingine walipita njia hii. Huko Uingereza, tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout ambao matajiri waliufunga kwa ajili ya uwindaji wao. Watano walifungwa jela. Mwaka 1949 ikatoka sheria ya mbuga za taifa na njia za miguu, na leo mtu yeyote anapanda mlima ule. Sisemi tuvunje lango la mtu. Nasema chama kinachojua kudai posho na kadi ya matibabu kijue pia kudai kipito cha mita tatu kuelekea majini, katika kila sehemu ya ufuko, kisichokuwa na mlinzi wala soda.

Na mito yetu je? Ntahangwa inakula kingo zake kila masika, nyumba zinaning'inia, njia za miguu zilizokuwa kando yake zimeanguka korongoni. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua iliua watu zaidi ya sitini katika kartie za kaskazini. Wachimbaji wa mchanga na mawe wanalaumiwa, na ni kweli wanaongeza ubovu, lakini nao wana watoto wa kulisha. Anayetaka kuwaondoa awape kwanza kazi nyingine. Kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi tunazifanya kila juma. Kwa nini Jumamosi moja kila mwezi isiwe ya kupanda mianzi kwenye kingo na kutengeneza njia, badala ya kufagia barabara ileile iliyofagiwa juma lililopita?

Mambo machache kwa watakaotoka na watoto. Msimu mzuri ni kiangazi, Juni hadi Septemba. Siku za mvua msikaribie makorongo. Chukueni maji ya kutosha na ndizi mbivu, na mzigo abebe baba, maana mama naye amekuja kupumzika. Ufukoni ondokeni kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa giza likiingia viboko hutoka kula majani, hata karibu na mji, na kiboko mwenye mtoto hana mzaha. Huko kwenye delta ya Rusizi msitembee kwa miguu na watoto hata kidogo. Kuna mamba pia.

Yule mwenzangu wa Kinama alinifuata jana akauliza Vugizo tunapanda lini. Nimemwambia Jumapili ya kwanza ya Juni, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukutane sokoni Buyenzi. Ameniuliza kama anaweza kuja na mama yake.