Hesabu Si Fahamu

Siku hizi hapa Kampala limezuka dai, nalo limefika hata katika vyumba vya walimu, kwamba akili mnemba itapata fahamu karibuni, kwa kuwa fahamu yenyewe si kitu ila hesabu. Sisi walimu wa Kiswahili, ambao kazi yetu ni kupima maneno, hatuna budi kulipinga.

Hatuidharau mashine. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere wameifundisha kompyuta kutambua maradhi ya muhogo kwa picha za majani. Zilikusanywa picha zaidi ya 21,000, nyingi zikapigwa na wakulima wenyewe, na wajuzi wa kituo cha utafiti cha Namulonge wakayataja maradhi yaliyomo. Sasa kompyuta inapambanua batobato na michirizi ya kahawia. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini wakulima wa Uganda walioona batobato kali ikifyeka mashamba yao katika miaka ya 1990, wakalala na njaa, walijua jambo ambalo picha hazikulibeba. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Watajibu kwamba ubongo nao ni mashine ya nyama. Ukiigwa barabara, fahamu itafuata. Mwaka 1980 mwanafalsafa wa Marekani, John Searle, alitoa mfano wa mtu asiyejua Kichina, aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni. Anapokea maandishi ya Kichina, anafuata kanuni, anatoa majibu sahihi, wala haelewi hata neno moja. Mwalimu aliyewahi kusahihisha majibu ya mwanafunzi aliyekariri tu hatauona mfano huu kuwa mgeni. Tena, hakuna aliyekwisha kutueleza jinsi chembe za ubongo zinavyozaa maumivu. Asiyejua kitu kilivyo, atadaije kwamba anakiunda?

Huu si mchezo wa maneno. Siku tutakapokubali kwamba mashine inafahamu, ndiyo siku itakapotwikwa lawama za watu. Mkulima akishauriwa vibaya, mwanafunzi akinyimwa alama zake, tutaambiwa kwamba mashine ndiyo iliyoamua. La hasha! Mashine haioni haya wala haijuti. Nyuma yake yuko mtu, naye ndiye wa kuulizwa.

Basi, ndugu walimu, tuwafundishe wanafunzi kusema kwamba mashine inakokotoa, inalinganisha, inakisia. Neno kufahamu tuwaachie wanaoweza kuumia.