Chuma Mfupani Kikianza Kutoa Usaha

Siku hizi pikipiki zimekuwa nyingi katika barabara zetu za Bukoba na Muleba, na ajali zake huvunja mifupa ya paja na ya muundi. Baadhi ya majeruhi huwekewa chuma ndani ya mfupa, au bamba lililofungwa kwa skrubu. Tiba hii ni njema: mgonjwa huinuka mapema, halali wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzito.

Lakini vidonda vingine huanza kutoa usaha, hata miezi baada ya operesheni. Hapo mtoto hutumwa duka la dawa kununua vidonge. Usaha hukauka, watu hushukuru, kisha unarudi. Sisi tunasema desturi hii iachwe.

Kwa nini? Vijidudu vikifika kwenye chuma hujishikiza na kujifunika kwa utando, kama ule utelezi wa ndani ya mtungi usiosuguliwa. Dawa hupenya humo kwa shida sana. Vidonge huua vijidudu vya nje tu. Vya ndani hungoja. Tena vidonge vinavyomezwa ovyo huvificha vijidudu visionekane maabara, na huweza kuvifanya sugu.

Tiba ya kweli ni kufungua kidonda, kukiosha, kuondoa nyama na mfupa uliokufa, kupima vijidudu, kisha kutumia dawa iliyochaguliwa kwa majuma mengi. Je, chuma hutolewa? Si lazima. Kikiwa bado kinashika vizuri mfupa usiounga, mara nyingi huachwa. Kikilegea, hutolewa na mfupa kushikizwa upya. Mfupa ukiisha kuunga, hutolewa kabisa. Anayewahi, kabla utando haujakomaa, ana nafasi kubwa zaidi ya kupona.

Tunaujua ugumu wa nauli, hasa kwa anayepewa rufaa hadi Bugando, Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Ndiyo maana tunaziomba familia na jumuiya ndogondogo: mnapochangia operesheni ya kwanza, tengeni na fedha ya kurudi. Tunzeni kadi ya hospitali.

Mkiona maumivu yanayozidi, homa, uvimbe wenye joto au tone la usaha, rudini hospitali upesi kabla ya kumeza kidonge chochote cha dukani. Mwambieni daktari kwamba ndani mna chuma. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.