Santuri za zamani zinatafutwa tena: ukiuza sahani, umeuza nini?

Tuchukue mfano unaoweza kutokea katika nyumba yoyote hapa Buhembe. Mzee amefariki, matanga yamekwisha, watoto wanapanga vitu vyake. Chini ya kitanda kuna sanduku la santuri ndogo, zile za wimbo mmoja kila upande. Gramafoni ilikwisha kufa siku nyingi. Mmoja anasema zitupwe. Mwingine ameona kwenye simu kwamba Ulaya santuri za Afrika zinauzwa ghali. Mnunuzi anapatikana, anataja bei ya sanduku zima, pesa zinahesabiwa, sanduku linapakiwa kwenye basi. Je, familia imepata au imepunjwa?

Jibu letu ni kwamba hatuwezi kujua kwa kuangalia bei peke yake. Ndani ya santuri moja mna vitu vitatu: sahani yenyewe, sauti iliyomo, na haki ya kuitumia sauti hiyo. Watu wengi huviona kama kitu kimoja, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Kwa nini zinatafutwa sasa?

Miaka ishirini iliyopita ilionekana kwamba santuri imezikwa. Haikuwa hivyo. Mwaka 2022 nchini Marekani santuri ziliuzwa kwa idadi kubwa kuliko sidii, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Mwaka uliofuata Uingereza iliuza santuri milioni 5.9, idadi ya juu kabisa tangu 1990. Miongoni mwa wanunuzi wamo vijana ambao hawakuwahi kuwa na gramafoni nyumbani kwao.

Pamoja na sahani mpya, sahani za zamani nazo zimepanda thamani. Uingereza ina mfano mzuri. Wanamuziki wake wa jazi ya kisasa walirekodi sana katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, lakini sahani zilichapwa chache na hazikununuliwa sana. Leo sahani hizo zinapoonekana sokoni, baadhi huuzwa kwa mamia ya pauni. Mwaka 2021 kampuni ya Decca ilianza kuzitoa upya baadhi ya rekodi hizo katika mfululizo maalumu. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu zipo kanda za mwanzo za studio na zipo kumbukumbu za nani alirekodi nini.

Lakini thamani hiyo haikuwafikia wote waliofanya kazi. Joe Harriott, mpiga saksafoni aliyezaliwa Jamaika na kuwa mmoja wa wabunifu wakubwa wa jazi ya Uingereza, alifariki 1973 akiwa hana kitu. Mwenye sahani yake leo anaweza kupata faida ambayo yeye hakuiona.

Jazi yetu ilichapwa wapi?

Kwetu neno "jazz" lilikuwa na maana yake. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga na NUTA Jazz hazikuwa bendi za kuiga Marekani. "Jazz" ilimaanisha bendi ya dansi yenye magitaa na tarumbeta, na nyimbo zake zilikuwa za Kiswahili, nyingi zikifuata mwendo wa rumba.

Bendi hizo zilikuwa na tatizo moja kubwa: Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Studio kuu ilikuwa ya Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na kazi iliyorekodiwa pale ilibaki kwenye kanda kwa ajili ya matangazo. Aliyetaka sahani alitegemea Kenya. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha East African Records tangu 1952, na Mombasa ilikuwa na lebo ya Mzuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa, njia hiyo iliharibika. Mpaka ulipofunguliwa tena 1983, kaseti zilikuwa zimekwisha kuchukua nafasi.

Kwa hiyo sahani za dansi la Tanzania ni adimu kwa sababu zinazoeleweka: zilitoka kwa miaka michache, zilichapwa nje ya nchi, na zilipigwa mpaka zikachakaa.

Kwetu Kagera kuna sababu za ziada. Oktoba na Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliikalia sehemu ya kaskazini ya mto Kagera, na nyumba nyingi ziliporwa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi liliangusha nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani. Halafu kuna mvua zetu. Unyevu wa Bukoba huleta ukungu kwenye karatasi na kwenye sahani pia. Sanduku lililopita yote hayo likabaki zima si takataka.

Vitu vitatu, bei tatu

Cha kwanza ni sahani. Hii ni mali kama baiskeli au cherehani. Aliyeinunua ni yake, akifariki ni ya warithi, na wanaweza kuiuza. Bei yake inategemea hali yake, lebo iliyobandikwa katikati, na kama ni chapa ya kwanza. Sahani yenye mikwaruzo hushuka thamani hata kama wimbo wake ni maarufu. Anayeuza sanduku zima kwa bei moja bila kusoma lebo anauza mtama na makapi kwa kipimo kimoja.

Cha pili ni sauti. Sauti inaweza kunakiliwa bila sahani kupungua hata chembe. Mtu mwenye gramafoni nzima na kompyuta anaweza kuihamisha kwa dakika chache. Sahani ikiondoka bila kunakiliwa, familia na mji wamepoteza kila kitu. Ikiondoka baada ya kunakiliwa, kilichoondoka ni plastiki.

Cha tatu ni haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Rekodi yenyewe inalindwa miaka 50. Tufanye hesabu. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965, hivyo miaka 50 ilitimia 2015. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano alifariki Januari 1979, hivyo tungo zake zinalindwa hadi 2029. Rekodi iliyotolewa 1970 ilifikisha miaka 50 mwaka 2020, hata kama mtunzi wa wimbo uliomo bado analindwa.

Hesabu hizo zina maana kwa pande mbili. Mnunuzi wa sahani hakununua ruhusa ya kuichapa upya wala kuiweka mtandaoni kwa biashara. Na familia iliyokuwa na sahani haina dai la mrabaha kwa sababu tu sahani ilikuwa kabatini kwao. Mwenye dai ni mtunzi au warithi wake. Kwa hiyo mtoto wa mwanamuziki anapouza sahani za marehemu baba yake, bado ana kitu mkononi ambacho hakumo kwenye sanduku. Mahali pa kuanzia kukifuatilia ni Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA.

Umuhimu wa haki tuliuona hapa kwetu bila santuri yoyote. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli, binti wa Bukoba. Wimbo wa Kihaya uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukasikika upya Afrika nzima. Wimbo wa zamani unaweza kuzaa fedha mpya wakati wowote, na atakayezipata ni yule ambaye haki yake inajulikana na imeandikwa.

Je, wakusanyaji wa nje ni wezi?

Wapo wanaosema hivyo. Sisi hatukubali moja kwa moja. Nyimbo za Salum Abdallah za 1955 hadi 1965 zilikusanywa na kutolewa upya na lebo ya Dizim ya Ujerumani. Western Jazz walitolewa upya na Sterns ya London. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyorekodi kati ya 1973 na 1976, ilikusanywa na lebo ya Strut. Bila watu hao, baadhi ya sauti hizo zingebaki hadithi za wazee.

Lakini kuokolewa si sawa na kurudi nyumbani. Toleo linalouzwa London kwa pauni, lenye maelezo ya Kiingereza, halimfikii mjukuu wa mpiga gitaa aliyeko Tabora. Kenya imeonyesha njia nyingine. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Afrika Mashariki akirekodi muziki wa asili, na rekodi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya ILAM. Kuanzia 2014, ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walizirudisha nakala za Kenya kwa jamii zilikorekodiwa, na wakawatafuta waimbaji waliokuwa bado hai.

Tracey alirekodi Tanganyika pia, na Wahaya wamo. Hapo ndipo sisi wa Kagera tunapaswa kuangalia kwa makini. Wimbo wa Morogoro Jazz uliochapwa Nairobi huenda una nakala nyingine mahali fulani. Utenzi wa mpiga enanga uliorekodiwa kwenye kaseti harusini, au ulioimbwa bila kurekodiwa kabisa, hauna nakala. Profesa M. M. Mulokozi alitumia miaka mingi akikusanya na kuchambua tendi za enanga, na kwa kazi yake tunajua ukubwa wa sanaa hiyo. Wanunuzi wa santuri hawaulizi kaseti hizo. Kukosa bei sokoni kusitufanye tuzione hazina thamani.

Kabla ya kuuza

Ushauri wetu ni mfupi. Usiuze siku ya kugawana vitu. Piga picha lebo za pande zote mbili. Andika jina la bendi, wimbo na namba iliyochapwa. Muulize mzee aliyebaki nani alikuwa nani, maana huyo naye hana nakala. Simamisha sahani wima, mbali na jua na ukuta wenye unyevu. Usizisugue kwa spiriti, kwani zile nzito za zamani zinaharibika kwa spiriti. Tafuta mtu wa kunakili sauti. Ukimaliza, ukitaka kuuza, uza kwa amani.

Sisi watu wa redio nasi tuna deni. Tumezoea kupiga zilipendwa bila kutaja mtunzi, kana kwamba nyimbo ziliota zenyewe. Kutaja jina hakugharimu kitu, na mara nyingi ndiyo njia pekee ya mrithi kujua kwamba kazi ya baba yake bado inafanya kazi. Maktaba zetu na halmashauri zinaweza kuhifadhi nakala kwa gharama ndogo kuliko ya hafla moja.

Sanduku la chini ya kitanda linaweza kwenda popote linapotakiwa, alimradi sauti imebaki Buhembe na majina ya wenye haki yameandikwa kabla basi halijaondoka.