Hesabu saa za mota, si miezi



Kazini kila mmoja wetu anajua sheria. Kamio kubwa la kubeba mawe lina chombo cha kuhesabu saa zake za kazi. Hesabu ikitimia, mara nyingi saa 250, linaingia garaji kubadilishiwa mafuta na filtri. Hakuna shefu anayeuliza kama mwezi umekwisha. Lakini mfanyakazi yule yule akirudi nyumbani anakuta grupu ya umeme nyuma ya nyumba, au kinu cha bibi yake cha kusagia mihogo, au mota ya mtumbwi aliyomwachia mdogo wake, na hapo hesabu imepotea. Ukimwuliza alibadili filtri lini, atakujibu: "Siku ya Noeli."

Tufanye hesabu pamoja. Kitabu cha mota ndogo, hata cha ile mashine ya kukata majani yenye kiti, huandika kwa kawaida: badili mafuta kila saa 50 au 100, au mara moja kwa mwaka. Watu wengi wanashika neno la mwisho tu. Neno hilo linamfaa mtu wa Ulaya anayekata majani yake Jumamosi, tena wakati wa joto tu. Wewe unawasha grupu muda wa saa 4 kila usiku: saa 100 zimetimia kwa siku 25. Kinu kinachosaga saa 8 kila siku kinazimaliza kabla ya juma la pili kwisha.

Na filtri je? Vitabu vingine vinaruhusu kubadili mafuta mara 2 na filtri mara 1. Mimi sikubali. Filtri ya zamani imeshika mafuta machafu ndani yake. Kumwaga mafuta mapya juu yake ni kama kuoga vizuri halafu kuvaa tena salopeti ya jana. Mafuta mapya, filtri mpya, siku ile ile. Penye vumbi jingi, kama karibu na kinu, msingoje hata mwisho wa hesabu. Wala msiioshe filtri ya karatasi kwa esanse na kuirudisha. Karatasi imekwisha kazi yake, na esanse karibu na mota yenye joto imekwisha kuunguza watu.

Waliofika Wagenia, pale Kisangani, kwenye maporomoko ya mwisho kati ya yale 7 ya Boyoma, wameona nasa kubwa za wavuvi zikining'inia kwenye miti iliyosimamishwa ndani ya maji makali. Maji yanapita, samaki wanabaki. Filtri inafanya vile vile: mafuta yanapita, unga wa chuma na masizi vinabaki. Lakini nasa ikijaa takataka, mvuvi anaona. Filtri ikijaa, klape ndogo inafunguka na mafuta yanapita bila kuchujwa, kwa sababu watengenezaji waliona afadhali mafuta machafu kuliko mota kukosa mafuta kabisa. Nanyi mnasikia mota inaimba kama kawaida. Inakula chuma chake kimya kimya, mpaka inakwama.

Ikikwama nyuma ya nyumba, mtalala gizani. Ikikwama katikati ya mto Kongo, mtumbwi umejaa watu na mizigo, mkondo unawachukua. Na juu ya Wagenia mkondo unaelekea penye mawe. Ndiyo sababu habari hii naiweka kwenye ukurasa wa usalama, nisiwaachie mafundi peke yao.

Angalieni kwanza kama mota yenu ina filtri ya mafuta. Mota ya tempu mbili, ile ya kuchanganya mafuta ndani ya esanse, haina. Muuzaji akikuuzia filtri yake, ni ya esanse. Grupu ndogo nyingi hazina pia, na hizo ndizo zisizotakiwa kucheleweshewa mafuta, kwa kuwa hakuna kinachochuja.

Mpeni mtoto anayejua kuandika daftari moja. Kila usiku aandike mota imefanya saa ngapi. Mtaona atakavyowakumbusha!

Siku ya kazi, toeni mota nje, maana moshi wake unaua ndani ya nyumba hata bila harufu kali. Zimeni, mngoje ipoe kidogo: mafuta yenye uvuguvugu yanatoka vizuri, yanayochemka yanababua. Hakikisheni mpira wa filtri ya zamani umetoka nayo. Pakeni mafuta safi kwenye mpira mpya, kazeni kwa mkono bila ufunguo. Washeni kidogo, tazameni kama panavuja, zimeni, kisha pimeni tena kwa kijiti.

Yabaki mafuta meusi. Msiyamwage mtoni wala karibu na kisima. Msiyapake kwenye kidonda au upele, kama wengine wanavyofanya: yanadhuru ngozi, na yakiigusa miaka mingi yanaweza kuleta kansa. Nawa kwa sabuni, si kwa esanse. Yatieni ndani ya bidoni, mpeleke garaji. Na mama, bidoni hiyo itieni alama ya rangi nyekundu tangu siku ya kwanza, isije ikapelekwa sokoni kununulia mafuta ya mawese.