Meli ndogo ndani ya beseni

Wamama wapendwa, mtoto akiunga meli ndogo ya mbao ya telekomande, tukae naye: kuna somo letu pia. Gundi ikikauka, tuijaribu kwanza ndani ya beseni la maji. Betri na mota zikilala chini kabisa, inasimama vizuri. Uzito uleule tukiupandisha juu ya paa lake, inayumba, kisha inapinduka.

Ndivyo ilivyo kwa mashua za Ziwa Kivu. Tarehe 3 Oktoba 2024, ile iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi.

Basi tukiona watu na mifuko wamerundikana juu, tusipande. Tungoje nyingine, na jile tuivae tangu bandarini.