Tujenge kwa Sitara, Tusijenge kwa Deni



Wapo miongoni mwetu wanaojiandaa kujenga, nao wakisema nyumba ya kisasa, mara nyingi humaanisha ghorofa, nguzo kubwa na madirisha yaliyoikodolea macho barabara. Leo tunapenda kuwaonyesha nyumba ya kisasa ya namna nyingine, kisha tueleze yaliyoifika familia iliyoijenga.

Mwanzoni mwa karne ya 20, msanifu majengo wa Marekani, Frank Lloyd Wright, pamoja na wenzake, walianzisha nyumba zilizokuja kuitwa za mtindo wa Prairie, kwa jina la nyika tambarare za nyasi zilizo katikati ya nchi ile. Waliona kwamba nyumba yapasa kuifuata ardhi yake: paa liinamie chini, upenu utokeze mbali nje ya kuta, na madirisha yapangwe kwa safu.

Mfano wake mashuhuri ni nyumba ya Frederick Robie mjini Chicago, iliyokamilika mwaka 1910. Mpita njia hauoni mlango wake mkubwa, kwa kuwa haukuwekwa upande wa barabara. Sebule imeinuliwa juu ya usawa wa njia, na ukuta wa roshani, upenu mpana na vioo vya nakshi humkinga aliye ndani. Yeye huona nje, wala haonekani kwa urahisi. Sebule na chumba cha kulia ni ukumbi mmoja, na kati yake pana meko ya kuotea moto.

Sisi Waislamu hatuwezi kulipita jambo hili bila mazingatio. Suratun-Nahl imezitaja nyumba kuwa mahali pa utulivu, na Suratun-Nur imetuamuru tuombe idhini kabla ya kuingia nyumba za wengine. Ni idhini gani anayoiomba mtu ambaye amekwisha kuona kila kitu akiwa barabarani? Wazee wetu wa Lamu waliijua siri hii: mgeni alikaribishwa dakani, na vyumba vya ndani vikabaki kuwa vya familia.

Basi anayevutiwa na mtindo wa Prairie achukue linalomfaa. Upenu mpana utazikinga kuta na jua na mvua. Madirisha yaliyoelekeana yatapitisha upepo. Meko tuwaachie watu wa baridi. Mahali pake pawe pa kutandika mkeka, familia ikutane baada ya Magharibi. Ukumbi ulio wazi nao una kasoro kwetu: sebule ya wageni iwe na mlango wake, ili mama asijifungie jikoni kila anapobisha mgeni. Na paa lililolala sana huvuja mvua ikizidi. Fundi aulizwe mapema kuhusu mteremko unaofaa kwa bati au vigae vitakavyotumika.

Sasa turudi kwa Robie. Aliishi katika nyumba ile kwa muda wa miezi 14 hivi. Baba yake alifariki na kuacha madeni, ndoa yake ikavunjika, na mwaka 1911 nyumba ikauzwa. Leo imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na watu huja kutoka mbali kuitazama. Nyumba imedumu, lakini utulivu wa waliojengewa haukudumu.

Tumelikumbuka hilo kwa sababu katika kamati yetu ya msikiti tumepata kukaa na wanandoa waliofikia kutengana kwa ajili ya nyumba. Mume alikopa kwa riba apandishe ghorofa bila kumshauri mkewe. Mke akaona ada ya watoto inageuka saruji. Kuta zilisimama, mapenzi yakaanguka.

Nasaha yetu ni hii: kabla ya kumwita mwashi, mume na mke wakae juu ya mkeka mmoja na ramani mbele yao. Waulizane ni nani atakaa wapi, mgeni ataingilia wapi, na fedha ya halali iliyopo inatosha vyumba vingapi. Vikitosha viwili, vijengwe viwili, vingine visubiri riziki.

Tunamwomba Allah (S.W.) azijaalie nyumba zetu sitara, baraka na utulivu. Amin.